Mgonjwa Anayo Haki ya Kujua

Ndugu waamini, kipo kilio ambacho hakisikiki katika mikutano yetu, kwa kuwa chahusu sehemu ya mwili ambayo adabu hutuzuia kuitaja. Ni kilio cha mtu anayekojoa damu.

Mito ya Mgeta, Ruvu na Ngerengere hushuka kutoka milima ya Uluguru na kutulisha. Lakini pale maji yanapotulia, katika madimbwi, mifereji na majaruba ya mpunga, huweza kukaa konokono wanaoeneza kichocho. Minyoo wa ugonjwa huo, waliotambuliwa na daktari Theodor Bilharz huko Misri mwaka 1851, hutaga mayai yanayonasa katika ukuta wa kibofu cha mkojo. Kibofu kikidumu na vidonda miaka mingi, saratani yaweza kuota. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwahesabu minyoo hao miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa.

Hata hivyo, damu yaweza kutokana na kichocho chenyewe, na mawe, na kifua kikuu au na saratani. Jicho peke yake haliwezi kuhukumu. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye taa katika njia ya mkojo, akakata kinyama kidogo na kukitia katika formalini kisioze. Maabara hukizungushia nta, hukikata vipande vyembamba mno na kuvitia rangi, kisha mtaalamu huvitazama kwa hadubini. Hapo ndipo hujulikana kama ni saratani, ni ya aina gani, na kama imepenya hadi kwenye msuli wa kibofu. Bila jibu hilo, tiba ni kubahatisha.

Kwa maoni yangu, jambo hili ni la haki, wala si la utabibu peke yake. Mwenye fedha akiona damu leo, kesho yumo safarini kwenda Dar es Salaam. Mkulima asiye na fedha humeza vidonge mwezi baada ya mwezi. Na hata akishakatwa kinyama, majibu yaweza kubaki kabatini kwa kukosa nauli ya kuyarudia. Je, ni haki mtu afe ilhali jibu lake limekwisha andikwa?

Serikali inao wajibu wa kusomesha wataalamu wa kazi hii na kuhakikisha kwamba chupa ya kinyama ndiyo inayosafiri, si mgonjwa, na majibu yamrudie wilayani kwake. Nasi tunao wajibu wetu. Kila jumuiya ndogo ndogo imteue mtu msiri wa kuwasindikiza wagonjwa na kufuatilia majibu yao. Tuchimbe vyoo, tusikojoe majini, na watoto wetu wameze dawa ya kichocho inapogawiwa shuleni.

Kumwombea mgonjwa ni vema. Tumwombee, kisha tukamchukulie karatasi yake.