Maumivu Haya Si ya Kuvumiliwa

Msichana anayejikunja kwa maumivu ya hedhi kila mwezi hadi akakosa shule huambiwa avumilie, eti yatakwisha akizaa. Ushauri huo unapotosha. Kuzaa si dawa. Huenda ana endometriosi: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, kwenye ovari, mirija, hata mapafuni. Huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, aliteseka miaka mingi kabla ugonjwa huo kutambuliwa. Tiba kamili haipo, lakini dawa na upasuaji hupunguza makali. Mzazi, andika siku za maumivu ya bintiyo, kisha mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.