Tumuulize mwenye sura

Ukipita kwenye studio za picha za Chamazi, ukutani utaona maharusi waliong'arishwa hadi hina ya vidoleni imefifia, na mabibi wasio na kunyanzi hata moja. Wapo wanaozipenda hivyo, na sina ugomvi nao, kwani kupamba picha hakukuanza na simu. Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor aliunganisha picha kwa mikono yake, akapachika sura ya mtu ndani ya ua, na kila aliyeitazama alijua hilo ni pambo. Kinachoniuma ni mtu kubadilishwa rangi bila kuulizwa, kana kwamba weusi wake ni doa. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo la biashara lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa umbo kwa kompyuta lazima liseme hivyo waziwazi. Sisi tusisubiri sheria. Mpiga picha, muulize mteja kabla hujaigusa ngozi yake, kisha mpe na ile picha ya asili. Kila mtu na jicho lake, lakini wajukuu wana haki ya kumjua bibi yao kama alivyokuwa.