Lori lina bima ya kuvuka mpaka, moyo wa dereva hauna

KIGALI. Lori linalotoka Batsinda kupitia Rusumo hadi Dar es Salaam husafiri na Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambuliwa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania. Kadi ya mutuelle ya mwenye mzigo huishia mpakani. Kwa mwenye maradhi ya moyo, tofauti hiyo ni nzito.

Mishipa inayolisha moyo hujaa mafuta, na baada ya miaka mafuta hayo hushika chokaa, hasa kwa wazee, wenye kisukari na wagonjwa wa figo. Kwa kawaida daktari hupitisha waya mwembamba mkononi au kwenye kinena, hupanua mshipa kwa puto, kisha huacha stenti. Chokaa ikiwa ngumu, puto halifunguki na stenti haikai sawa.

Hapo hutumika kekee ndogo yenye chembe za almasi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993. Upana wake huanzia milimita 1.25, na huzunguka zaidi ya mara 140,000 kwa dakika, ikisaga chokaa kuwa vumbi linalochukuliwa na damu. Yaweza pia kutoboa mshipa au kukwama ndani yake. Inataka mikono iliyozoea, na mazoea huja kwa wagonjwa wengi.

Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawana utaalamu: Tanzania moyo, Kenya figo, Uganda saratani. Mgawanyo huo una faida, kwani wagonjwa wachache wa kila nchi wakikusanywa pamoja, mtambo haulali na daktari hapotezi ujuzi.

Lakini utaalamu umegawanywa, malipo hayakugawanywa. Soko la pamoja lilianza mwaka 2010. Hata hivyo mgonjwa wa Batsinda anayetumwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,400, hukabili gharama ambazo mutuelle haikuundwa kuzibeba ng'ambo.

Kadi ya Njano inaonyesha kwamba serikali zinaweza kukubaliana kulipana. Vyama vya wafanyabiashara vina haki ya kudai hivyo hivyo kwa matibabu. Kwa sasa, anayebanwa kifua akibeba mzigo asingoje safari: akapime presha, sukari na moyo hospitali iliyo karibu. Kifua kikibana ghafla bila kuachia, hiyo ni dharura ya saa ile ile.