Wakujua Bila Kukuuliza Jina

Ukishuka pale Mwembe Tayari asubuhi na begi mkononi, hutapiga hatua kumi kabla ya wapiga debe kukuzingira. Mmoja atakuitia basi la Nairobi, mwingine la Malindi, na wa tatu atakutazama tu kisha akupishe. Usidhani wanabahatisha. Wamekwisha kuona ukubwa wa begi lako, viatu ulivyovaa, koti la baridi ulilolitundika begani ilhali jua la Mombasa linawaka, na kama macho yako ni ya mgeni au ya mwenyeji. Hakuna aliyekuuliza jina wala kitambulisho. Hata hivyo, ukipita tena wiki ijayo na begi lile lile na koti lile lile, mmoja wao atakwambia, "Umerudi, ndugu yangu!"

Leo nataka tuzungumze juu ya wapiga debe wengine, wale wa kwenye intaneti, ambao huwaoni lakini wao wanakuona. Hawa nao wamejifunza kukutambua kwa begi na koti.

Wengi wetu tumesikia habari za kuki, kwa Kiswahili vidakuzi. Hiki ni kijikaratasi ambacho tovuti hukiweka ndani ya simu au kompyuta yako ili ukirudi ikutambue. Vijana wa siku hizi wanajua dawa yake: unaingia kwenye mipangilio, unafuta, yamekwisha. Ni kama kutupa risiti. Lakini kuna njia nyingine ambayo haikuachii chochote mkononi cha kutupa. Wataalamu wameipa jina la alama ya kidole ya kivinjari. Kivinjari, kwa asiyelijua neno, ni ile programu unayofungulia tovuti, kama vile Chrome, Firefox au Safari.

Mambo huenda hivi. Kila unapofungua tovuti, kivinjari chako hujibu maswali kadhaa bila kukushauri. Hii ni simu au kompyuta? Programu ni toleo la ngapi? Kioo kina upana gani? Saa zimewekwa za nchi gani? Mwenyewe anasoma kwa lugha ipi? Ndani mna aina gani za herufi? Mengi ya maswali hayo hayana ubaya, kwani tovuti inahitaji kujua upana wa kioo ili maneno yasikatike. Tatizo ni pale majibu yote yanapokusanywa na kuwekwa pamoja. Wenye kioo kama chako ni wengi, na wenye toleo la programu kama lako pia ni wengi, lakini wenye vyote hivyo kwa pamoja, na lugha ile, na herufi zile, huenda ukawa wewe peke yako.

Kuna hila moja inayonishangaza zaidi ya zote. Tovuti huweza kukiamuru kivinjari chako kichore picha au maneno mahali ambapo wewe huoni, kisha ikausoma mchoro huo nukta kwa nukta. Ungedhani kila kompyuta itachora sawasawa. La hasha. Mashine hutofautiana kidogo sana kulingana na vifaa na programu zilizomo, kama vile mafundi wawili wa hina wanavyoweza kuchora ua moja na bado mtu wa Kibokoni akajua hili ni la nani. Hila hiyo ilielezwa na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2012. Miaka miwili tu baadaye, uchunguzi mwingine uliikuta tayari inatumika katika tovuti zaidi ya 5 kati ya kila 100, miongoni mwa tovuti 100,000 zilizotembelewa zaidi duniani.

Jina hili la alama ya kidole halina utamu masikioni mwa Mkenya. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuandikishwa, alama za vidole vyake zikachukuliwa, na karatasi zake akazibeba ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hicho mapema katika miaka ya 1920. Tofauti ni kwamba babu zetu walijua wamechukuliwa alama. Kikopo kilikuwa kikigonga kifuani. Huyu mpiga debe wa intaneti hakuombi uweke kidole popote.

Je, alama hii inaaminika kiasi gani? Hapa inafaa tuseme ukweli bila kutiana hofu. Mwaka 2010, Peter Eckersley wa shirika la EFF la Marekani, linalotetea haki za watu mtandaoni, alichapisha matokeo ya jaribio lake. Alikusanya alama za vivinjari 470,161 na kukuta kwamba 83.6 katika kila 100 hazikuwa na mwenziwe. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walipima zaidi ya alama milioni 2 za watu waliotembelea tovuti moja ya kawaida, wakapata asilimia 33.6 tu zilizokuwa za pekee, na kwa simu asilimia 18.5. Kwa hiyo mwenye simu ana nafuu kuliko mwenye kompyuta, maana simu za aina moja hutoka kiwandani zikiwa zimefanana kama maandazi ya sinia moja. Lakini usisahau kwamba hata kama mko kumi wenye alama moja, mpiga debe anaweza kuongeza habari ya mtandao unaotumia, na kumi wakawa mmoja.

Sasa sikiliza ajabu hii. Kivinjari hutaja lugha uliyoichagua. Duniani kote, walioweka simu zao kwa Kiingereza ni bahari. Walioziweka kwa Kiswahili ni wachache mno, hata hapa kwetu, ambapo mtu huongea Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku lakini simu yake inamsemesha Kiingereza. Basi wewe uliyeipenda lugha yako, ukifungua tovuti ya ng'ambo huku simu ikitaja Kiswahili na saa za Nairobi, umesimama peke yako uwanjani na kanzu nyeupe. Kupenda lugha yako si kosa, ila kunakufanya uonekane.

Huenda baba mmoja akauliza, "Wanijue wasinijue, mimi nina nini cha kuficha?" Tuseme yupo kijana nyumbani ambaye kamari ya simu imemla hadi karo. Sasa ameamua kuacha. Amefuta programu, amefuta kuki, amejitahidi. Kisha anafungua ukurasa wa habari za mpira, na pembeni tangazo linamwita kwa ahadi ya dau la bure. Matangazo hayo humfikia yeyote, ni kweli. Lakini kampuni ya matangazo iliyohifadhi alama ya kivinjari chake inaweza kumtambua kuwa ni yule yule wa jana, mteja mzuri, na kumfuata kwa makusudi. Au tuseme yupo binti anayesoma usiku habari za ugonjwa ambao hajamwambia hata mama yake. Siri ile ameiweka kwa watu wa nyumbani, na kumbe mtu baki ameshaiandika daftarini.

Tusiwapake matope wote. Benki nazo hutumia alama hizi. Mtu akijaribu kuingia katika akaunti yako kwa kompyuta isiyofanana na yako, benki hushtuka na kuuliza maswali zaidi. Huo ni ulinzi, na mimi siulalamikii. Ninachokilalamikia ni biashara ya kufuatana. Mwaka 2019 kampuni ya Google yenyewe ilisema mtindo huu ni mbaya, kwa kuwa mtumiaji hana namna ya kuufuta. Desemba 2024 ikatangaza kulegeza kanuni zake kwa watangazaji, kuanzia Februari 16, 2025. Ofisi ya Uingereza inayosimamia habari za watu ilikemea hatua hiyo waziwazi.

Kwetu Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hata kitambulishi cha mtandaoni kuwa njia ya kumjua mtu. Kamishna wa Data aliyeanza kazi Novemba 2020, Immaculate Kassait, alionyesha kwamba sheria hiyo ina meno. Mnamo Septemba 2023 ofisi yake ilimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za simu za watu kuwasumbua, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hayo yalikuwa makosa ya kuonekana kwa macho. Alama ya kivinjari haiachi picha wala ujumbe wa kumwonyesha Kamishna, na hapo ndipo ugumu wa kulalamika ulipo.

Basi tufanyeje? Mfikirie mama wa Mji wa Kale katika buibui lake. Buibui linamsitiri kwa sababu wanawake wengi pale wamelivaa na wamefanana. Angejifunika kwa shuka la rangi ya chungwa lenye vioo asingeonekana uso, lakini mtaa mzima ungejua ni yeye. Kwenye intaneti ni vivyo hivyo. Vijana wengi hurundika programu ndogo ndogo za kujificha ndani ya kivinjari wakidhani wanajisitiri, kumbe kila moja inaweza kuwa kioo kimoja zaidi kwenye lile shuka.

Kivinjari cha Tor kimeundwa kwa hesabu hiyo ya buibui: wote wanaokitumia huonekana karibu sawa, ndiyo maana wenyewe hushauri usibadilishe mipangilio ovyo. Ni kizito na hukawia. Kwa matumizi ya kila siku, Safari ya iPhone hupunguza habari inazotoa, Firefox huzuia tovuti zinazojulikana kwa kuchukua alama, na Brave hubadilisha majibu kidogo kidogo ili kila tovuti ikuone kama mtu mwingine. Firefox na Brave hupatikana bure kwa simu za Android. Ukiwa na Firefox, ingia kwenye mipangilio uchague ulinzi mkali. Tovuti moja moja ikigoma kufunguka, unaulegeza kwa hiyo tu. Lile dirisha la faragha ambalo wanafunzi hulitegemea husahau kuki ukilifunga, lakini katika vivinjari vingi halibadilishi alama. VPN nayo huficha mtandao unaotokea, si sura ya kivinjari.

Na mwanafunzi anayekwenda saiba kujaza fomu za KUCCPS au HELB? Kompyuta za saiba mara nyingi hununuliwa pamoja na hutumiwa na watu kadhaa kwa siku, kwa hiyo alama yake haikusemi wewe peke yako. Hatari ya pale ni nyingine: nywila uliyoiacha wazi, na nakala ya kitambulisho uliyoisahau kwenye kompyuta. Toka kwenye akaunti zote, futa faili zako, kisha ndipo ulipe uondoke.

Kuhusu ile lugha ya simu, sikushauri uibadilishe. Yangu nimeiacha kwa Kiswahili, na kivinjari nimekibadilisha.