Ukuta Hauulizi Kipande



Jumamosi iliyopita tulitoka watu sita, Wakongo wanne na Warundi wawili, kwenda kutembea tu. Hakukuwa na semina wala fomu ya kusaini. Tulienda kuangalia michoro, na maonyesho yakaanza hapohapo steji ya Kayole. Ikaja nganya imechorwa kuanzia bampa mpaka nyuma, sura za wanamuziki na maandishi yanawaka kama moto. Mmoja wetu akakataa kupanda mpaka amalize kuizunguka. Konda akacheka: "Kuangalia ni bure, kukaa ndio pesa."

Hii michoro nayo imepitia yake. Mwaka 2004, sheria za Michuki zilipoanza, kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na rangi nyingi zikapotea barabarani. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea vijana wanaochora matatu, na nganya zikachangamka tena. Kwa hiyo ukiona picha ya mbio mbio kwenye foleni, ujue kuna watu wanakula kupitia hiyo.

Kutoka mjini tukaenda Kibera. Huko, mwanzoni mwa 2008, watu walipokuwa wanauana baada ya uchaguzi, msanii wa mtaa uleule anayeitwa Solo 7 alichukua rangi akaandika kwenye kuta na vibanda: "Peace Wanted Alive". Yaani amani inatafutwa, na iletwe ikiwa hai. Sisi tuliokimbia vita hatuhitaji kufafanuliwa hayo maneno.

Sasa tuseme kilichotuuma. Tuna ukumbi tunaokutania, na ukuta wake umechorwa. Waliochora walikuja na picha tayari: watoto wamebeba mizigo vichwani, hawana macho wala midomo, na pembeni nembo kubwa kuliko watoto. Hakuna aliyetuuliza. Kila tukiingia pale tunajikuta bado tunakimbia.

Hatusemi walikuwa na nia mbaya. Tunasema kila ukuta wetu unapewa kazi: nawa mikono, pinga ukatili, jua haki zako. Ni mambo ya maana, tunayakubali. Lakini je, mkimbizi hana ruhusa ya kuangalia kitu kwa sababu ni kizuri tu?

Dada mmoja wa kikundi chetu alitupinga. Akasema, "Watu hawana kodi ya nyumba, nyinyi mnaongea rangi?" Ana haki. Kodi kwanza, hatubishani. Ila tukisema furaha ingoje mpaka shida ziishe, itangoja mpaka lini? Wengine wetu tumengoja tangu tukiwa watoto, na sasa tuna ndevu.

Siku ile mbele ya ukuta mmoja tulisimama karibu nusu saa. Askari akaja, akauliza tunafanya nini, akataka vipande. Tukatoa kadi zetu za mkimbizi, akazigeuza geuza, akarudisha, akaenda. Sisi tukarudia kuangalia. Ukuta wenyewe haukuwa umeuliza mtu yeyote ametoka wapi.

Kwa vijana: tembeeni, angalieni, lakini bebeni karatasi zenu, na msipulizie rangi ukuta wa mtu bila ruhusa yake. Kesi ya mkimbizi haiishi haraka.

Kwa mashirika: tupeni ukuta mmoja, rangi, na msanii wa kutufundisha mkono. Msitupe ujumbe. Kama ni lazima nembo iwepo, iwe ndogo, chini kabisa.

Tumeshaanza kubishana tutachora nini. Mrundi mmoja anataka mama yake akiuza ndagala kando ya Tanganyika, tena akiwa anacheka, macho na mdomo vyote vipo. Mkongo mmoja anataka nganya yenye ubao wa safari ulioandikwa: Kayole – Uvira. Tumemwambia hiyo gari haipo. Akajibu, ndiyo maana anataka kuichora.