Vita vya 1896 vilianzia Ulaya

Naumia kila vita vya Unguja vya Agosti 27, 1896 vinaposimuliwa kama kituko cha dakika 38. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa kwenye kasri la sultani, wakiwemo watumishi na watumwa waliotiwa tu kwenye ulinzi.

Mzizi wake uko miaka sita nyuma. Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba Berlin: Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, nayo ikawaachia Waingereza Unguja na Pemba. Mwaka huohuo ikawa sultani hatawazwi bila ridhaa ya konseli wa Kiingereza. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki mwaka 1896, Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ridhaa hiyo. Manowari za Kiingereza zikalipiga kasri.

Khalid akakimbilia kwa konseli wa Kijerumani. Oktoba 2, maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ilisogea hadi mlango wa baharini wa makao ya konseli huyo, akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja, huku askari wa Kiingereza wakimvizia nje. Akapelekwa Dar es Salaam, kwa Wajerumani walewale waliotia saini Berlin.

Walimu wa historia, tafadhali, somo hili lianzieni 1890.