Hasira Hasara, Hata kwa Kipa Hodari
Maisha ya uchezaji ya Ron Hextall, kipa Mkanada wa Philadelphia Flyers katika hoki ya barafu, yaani mchezo ambao wachezaji huteleza juu ya barafu wakigombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo, yanawahusu hata makipa chipukizi wa Mwamanyili, mkoani Simiyu, wanaodakia kwenye viwanja vya vumbi. Mwaka 1987, katika msimu wake wa kwanza, alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano ingawa timu yake ilifungwa fainali na Edmonton Oilers, lakini katika fainali hiyohiyo alimchapa Kent Nilsson miguuni kwa gongo, akafungiwa mechi 8. Na mwaka 1989, alipomvamia Chris Chelios wa Montreal, alifungiwa mechi 12, akaukosa mwanzo wa msimu uliofuata. Kipa akifungiwa, wanaoadhibiwa ni wenzake wote, kwa kuwa lango hubaki bila mlinzi waliyemzoea. Kwa hiyo kocha wa vijana asiizime ari ya kipa mkali, bali amfundishe mapema kujizuia pindi anapochokozwa.